Kikombe Hakihamishiki

Mizani ilisema Mama Longino ni tajiri.

Nilisoma kwenye kishikwambi, nikavua miwani, nikaifuta kwa upindo wa gauni, nikasoma tena. "Mteja: Apolonia Mkopi, mtaa wa Matofalini. Matumizi makubwa kuliko nyumba yoyote ya mtaa. Amepandishwa daraja la anasa. Atalipa bei ya anasa, na saa za joto kali atapunguziwa ubaridi ili wenye uhitaji wapate." Halafu chini kabisa, kwa ile adabu yake ya kuudhi: "Asante kwa kushirikiana nasi kutenda haki."

Jamani! Mama Longino fundi cherehani, anayeshona sare za shule na kulipwa nusu leo nusu atakapokumbukwa, mwanamke mwenye kandambili zilizofungwa waya, eti leo yuko daraja moja na yule mwenye hoteli aliyeweka mashine nne sebuleni ili samaki wake wa mapambo wasisikie joto. Nilitamani kukitupa kile kishikwambi dirishani. Sikukitupa kwa sababu ningekatwa mshahara.

"Mizani," nikasema, "huyu mama umewahi kumwona?"

"Sheria inanikataza kuona ndani ya nyumba za wateja, Bi Lipangile." Mashine ile ya hesabu ya kampuni, sauti wameipa ya binti aliyelelewa na masista. "Ninachoona ni kiasi cha ubaridi kinachoingia. Nyumba ya Bi Apolonia inavuta mara kumi ya nyumba za majirani zake."

"Kwa sababu majirani zake wote wako kwake!"

"Taarifa hiyo sina. Bi Apolonia alipoulizwa idadi ya watu waliomo nyumbani, alijibu, 'Tupo tu.' Nimeandika mmoja."

Nikachukua kanga yangu na ufunguo wa mashimo ya koki za mabomba, nikatoka. Ukibishana na Mizani asubuhi, siku nzima unashinda na kipandauso, na mimi nilikuwa na safari.

*

King'ora cha kwanza cha joto kilikuwa hakijalia. Kikilia cha kwanza, watu wa Ifakara wanafunga biashara. Kikilia cha pili, barabarani hubaki vumbi peke yake mpaka jua lipoe. Sasa hivi hata kuku wanakijua. Nilipita sokoni wanawake wakikunja maturubai, wakinipigia kelele, "Dada wa Tulizo, leo msitubanie!" kana kwamba barafu naigandisha mimi kwa mikono yangu.

Tulizo ndiyo kampuni yetu. Usiku umeme ukiwa rahisi tunagandisha maji kwenye matangi yaliyochimbiwa ardhini, na mchana tunayazungusha mabombani mpaka kwenye kila nyumba. Ukutani kuna kisanduku kinachopuliza hewa ya baridi. Watu wanakiita pua. Barafu ya siku ikiisha imeisha. Ndiyo maana kukawa na Sheria ya Faida Mbili: kampuni ionyeshe faida ya fedha na faida ya haki, na ikikosa mojawapo leseni inakwenda. Haki inapimwa kwa idadi ya kaya zinazopata kiasi cha lazima, hata zile zisizolipa senti. Kiasi hicho watu wamekipa jina la kikombe.

Kikombe kinatosha kabisa chumba kimoja chenye dari. Lakini Matofalini nani ana dari? Wale wanachoma matofali ya kuuza, wenyewe wanalala chini ya mabati na kuta za mabanzi. Unamwaga kikombe cha watu kwenye chekeche, kinapitiliza, halafu kwenye ripoti ya mwaka unaandika kaya imehudumiwa. Nyumba ya Mama Longino peke yake ndiyo ina dari, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa fundi dari na alimwekea nzuri kabla hajafa.

"Hodi humu!"

"Karibu, ingia, usisimame hapo jua likakuona."

Cherehani ilikuwa kona moja na watu walikuwa pembe zote nyingine. Watoto wamelala juu ya vitambaa vya sare, kina mama wamenyoosha miguu, na bado wengine walikuwa wakiingia. Kila aliyeingia alikuja na kitu. Huyu mkaa kiganja kimoja, yule chumvi kwenye karatasi, mwingine maji ya kunywa. Ndivyo wanavyofanya pale tangu joto lianze, hakuna aliyewaagiza. Baba Tekla, mchoma matofali mwenye mdomo usiofunga, aliingia akiinua kitunguu kimoja juu kama kombe la mpira.

"Hiki kimekuja kwa ndege! Mama Longino, kikate taratibu."

Watu wakacheka. Nyuma yake aliingia Mzee Kanisi Manjolo, mrefu, mkimya, anayeishi peke yake nyumba ya mwisho. Mikono yake ilikuwa mitupu na aliiweka nyuma.

"Ah, mzee wangu!" Baba Tekla akampokea. "Leo umetuletea njaa peke yake?"

Chumba kikaangua kicheko. Mzee Kanisi naye akacheka, akaketi karibu na mlango. Nami nilicheka, kwa nini nisicheke, Baba Tekla ni mtu wa utani na kila mtu anamjua.

Nikavuta kigoda karibu na cherehani. "Mama Longino, Mizani inasema wewe ni tajiri."

"Ifike basi inikopeshe mimi hela ya uzi."

"Sikutanii. Bei inapanda, na Alhamisi wametabiri joto la digrii arobaini na saba. Saa ya joto watakubania pua. Niambie mko wangapi humu ndani, nirekebishe, yaishe."

Akasimamisha cherehani. "Tupo tu."

"Tupo tu ni ngapi?"

"Dada Eme, watu hawahesabiwi. Mbuzi ndio wanahesabiwa jioni. Mgeni nikianza kumhesabu, si nimemwambia kwamba amezidi?"

"Basi nipe majina tu."

"Uyapeleke wapi?"

"Kwenye Mizani."

"Halafu?"

Halafu hiyo naijua. Kila jina litakaloingia litageuka mteja wa pua ile, na kila mteja ataletewa fungu lake la bili.

"Unaona!" Mama Longino akapiga makofi mara moja. "Baba Tekla alipishwe kwa sababu nimemwambia karibu? Mtoto mchanga wa Mama Tekla aandikwe mdaiwa? Aka! Usiniletee hayo. Kunywa maji, uende kazini."

*

"Mama Lipangile, umekuja na uso wa vita," Mkurugenzi akasema.

Severini Ngwega ni kijana kwangu, lakini ndiye bosi, na si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningemchukia nipumzike. Mama yake alikufa kwenye joto la kwanza kabisa, amelala chini ya bati, na kampuni hii aliianzisha kwa ajili ya kifo kile.

"Sikiliza, bosi. Tunauza bomba wakati tungeuza chumba. Vikombe vya mstari mzima wa Matofalini vinavuja kwenye mabati, halafu wenye vikombe wote wamekaa kwenye chumba kimoja chenye dari. Vielekezeni humo. Watapona, na barafu inayobaki uza kwa wenye maduka ya samaki. Utapata faida. Unanisikia? Faida!"

Alinisikia. Macho yakamng'aa, akaigeukia Mizani, wakaanza kupiga hesabu zao. Nikakaa nikijipepea kwa bahasha.

"Pendekezo la Bi Lipangile ni zuri," Mizani ikasema mwishoni. "Mapato yanapanda, upotevu wa barafu unapungua sana, na vifo vinavyotarajiwa kwenye mstari huo vinashuka karibu na sifuri."

"Haya!" nikasema.

"Hata hivyo, kaya zote za mstari huo isipokuwa moja zitasomeka kuwa zimekatiwa. Alama ya haki itashuka chini ya kiwango na leseni itafutwa."

Nikainuka. "Yaani watu wakifa kidogo kidogo kila mmoja kwake, hiyo haki. Wakipona wote pamoja, hilo kosa!"

"Sijasema hivyo, Bi Lipangile."

"Umesema hivyo hivyo, kwa Kiswahili kizuri tu!"

Severini akanyoosha mkono nikae. "Mama, Mizani haikutunga sheria. Unamkumbuka yule mwenye nyumba wa mjini kati?"

Nani asiyemkumbuka. Mwaka juzi alinunua vikombe vya wapangaji wake wote kwa kuwapunguzia kodi kidogo, akavielekeza kwenye stoo yake ya bia. Bia ikapoa vizuri. Mpangaji mmoja, mama mjamzito, alikutwa amekufa. Baada ya hapo sheria ikaongezewa maneno mawili ambayo leo yamebandikwa kwenye kila shimo la koki: kikombe hakihamishiki.

"Nikiufungua mlango huu kwa Mama Longino," Severini akasema, "ujue na yule wa bia amesimama nyuma yake. Nitawatofautishaje? Kwa sura?"

"Kwa akili! Mlipewa akili bure na Mungu kabla hamjanunua hii ya bei ghali."

"Nipe mpaka Januari. Nitaandika wizarani, waje waone."

"Januari! Bosi, leo Jumanne. Joto linakuja keshokutwa."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka, namwonea huruma, lakini nilitoka nikaubamiza mlango hata hivyo. Kuna siku heshima inakushinda.

*

Alhamisi nilishinda kwa Mama Longino. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia nakwenda kukagua pua.

King'ora cha pili kilipolia, chumba kilikuwa kimejaa na pua ilikuwa ikipuliza vizuri. Kina mama wamechambua mchicha, Baba Tekla ameeleza habari ya mtu aliyeoa Malinyi akasahau jina la bibi harusi, watoto wamesinzia. Nje, mwanga ulikuwa mweupe kiasi cha kuumiza macho. Nikaanza kufikiri labda Mizani imesahau. Mizani haisahau.

Saa saba kamili sauti ya pua ikashuka. Kwanza ikawa kama mtu anayepumua usingizini, halafu kama mtu anayenong'ona. Daraja la anasa lilikuwa limepunguziwa ili wenye uhitaji wapate, na wenye uhitaji wote walikuwa wameketi pale wakiitazama ile pua.

Hakuna aliyelalamika. Laiti wangelalamika! Mama Tekla alijifunga kanga, akamnyanyua mtoto. "Ngoja nikaangalie nyumba, nadhani sikufunga mlango."

"Na mimi kuku wangu," akasema mwanamke mwingine akiinuka.

"Hata mimi nina kazi kidogo."

Nikawaelewa. Baridi ilikuwa imepungua, kwa hiyo wao ndio waliozidi, kwa hiyo mgeni mwenye adabu anaaga. Wanakwenda kwenye mabati yao, na joto lile, wakiwa na watoto mgongoni, ili mwenye nyumba asipate aibu. Damu ikanipanda.

"Kaeni chini!" nikapiga kelele mpaka watoto wakaamka. "Hakuna anayetoka! Kuku gani wewe? Kuku wako ulimla Pasaka, mimi mwenyewe ulinipa paja! Mama Tekla, mlango wako hauna komeo, unaufungaje? Kaeni!"

Wakakaa. Mama Longino alikuwa ananitazama, mkono umeganda juu ya gurudumu la cherehani.

"Niambie kitu kimoja," nikamwambia. "Nyumba zote za mstari huu zimekuja?"

"Wapo."

"Wote?"

"Dada Eme, wapo."

Nikalowanisha kanga kwenye ndoo, nikajitupia kichwani, nikatoka na ufunguo. Shimo la koki liko hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini nilipofika nilikuwa nahema kama niliyepanda mlima. Mfuniko wa chuma uliniunguza vidole. Humo ndani kila nyumba ina koki yake, na juu yake yale maneno mawili.

"Bi Lipangile," Mizani ikasema kwenye kidude nilichovaa sikioni, "naona umefungua shimo. Kukata kikombe cha kaya saa za joto ni kosa la jinai, na anayekata anashtakiwa yeye binafsi."

"Najua."

"Kwa kuwa siruhusiwi kuona ndani ya nyumba, naomba uthibitishe kwamba nyumba unazozikata ni tupu."

"Nathibitisha. Wapo wote kwa Mama Longino."

Nikafunga koki moja baada ya nyingine, mstari mzima, halafu nikaifungua ya Mama Longino mpaka mwisho. Nilirudi mbio, na kabla sijafika nikaisikia pua ikivuma. Ndani baridi ilikuwa inashuka darini kama baraka, watoto wamerudi kulala, Baba Tekla ananisalimu kijeshi. Mtu akanipa maji. Nikaketi, nikanywa, nikasema moyoni, waje wanifunge.

Lakini sikutulia. Lile neno "wapo" lilinirudia kichwani. Mwenye nyumba ukimuuliza kama wageni wamefika, atasema nini zaidi ya wapo? Hata chai ikiwa haijatosha atawaambia watu imetosha.

"Mama Longino, una hakika?"

"Umeanza tena!"

"Nimefunga koki za watu. Kama kuna mtu kabaki nyumbani kwake sasa hivi hana hata kile kikombe. Nataka kujua."

"Nami nimekwambia sihesabu watu kwenye nyumba yangu. Wakisikia nahesabu, kesho hawatakuja. Unataka wasije?"

Nilitaka kulia kwa hasira. Mizani inahesabu nyumba na haioni watu. Huyu anawaona watu na hataki kuwahesabu. Na mimi niko katikati na ufunguo mkononi. Halafu nikamtazama Mama Tekla anavyomfunika mtoto, nikakumbuka namna watu wale wanavyopokeana kila asubuhi, nyumba kwa nyumba.

"Basi usihesabu," nikasema. "Wasalimie."

"Nini?"

"Wasalimie. Leo nilikuta hujawasalimia vizuri, ulikuwa na kazi. Salimia nyumba moja moja, nao waitike. Kusalimia nako kuna mwiko?"

Akainuka, akajifuta mikono.

"Kwa Baba Tekla, mmeshindaje?"

"Tumeshinda salama!"

"Kwa Mama Rehani?"

"Salama, dada."

"Kwa Fidea na wanawe?"

"Tupo, mama."

Akaendelea hivyo, akifuata mstari, taratibu, na kila nyumba ikaitika kutoka pembe yake. Akafika mwisho.

"Shikamoo, Mzee Kanisi."

Kimya.

Watu wakageuka kutazama mahali pale karibu na mlango. Alikuwa ameketi pale mtoto wa Fidea.

"Mzee Kanisi?" Mama Longino akarudia, na sauti ikamvunjika. "Jana alikuja?"

Baba Tekla alikuwa wa kwanza kutoka, bila kujifunika hata kitambaa.

*

Mlango wa Mzee Kanisi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Baba Tekla aliupiga bega mara mbili ukaanguka, na joto lililotoka mle lilitusukuma nyuma. Mzee alikuwa ameketi sakafuni chini ya pua yake, ameielekea kama anayesubiri iseme neno, na pua ilikuwa kimya kwa sababu mimi niliifunga. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Ngozi yake ilikuwa kavu, haina hata tone la jasho, na macho yamegeuka.

Baba Tekla alimbeba mgongoni. Sijui alipitaje juani. Tulimlaza juu ya sare za shule, tukamfunika kanga mbichi, tukampepea, kila mtu akileta maji aliyokuja nayo. Mama Longino alikuwa akimtia maji midomoni kwa kijiko huku akinong'ona, "Nisamehe, mzee wangu, nisamehe." Nami nilikuwa nimemshika miguu kwa sababu sikujua nishike nini. Nilikuwa naomba. Nilikuwa pia nina hasira na kila kitu, na sheria, na joto, na adabu, na mimi mwenyewe niliyethibitisha kitu nisichokijua.

Jua lilipoanza kulegea, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mama Longino akalipigia vigelegele lile jasho. Baadaye mzee akafumbua macho.

"Mzee," nikamwuliza, nikashindwa kuilainisha sauti, "kwa nini hukuja?"

Akafikiri. "Sikuwa na kitu cha kuja nacho."

Baba Tekla aliweka uso kwenye magoti. "Mzee wangu, ule ulikuwa utani."

"Najua, mwanangu," akasema. "Ulikuwa utani mzuri. Hata mimi nilicheka."

King'ora cha kutangaza joto limepita kililia, na hapo hapo simu yangu ikalia. Severini. Nikatoka kizingitini, nikaweka sauti ya wazi, maana mikono bado ilikuwa imelowa maji.

"Mama, nimeona hesabu za mstari wako!" Alikuwa anaongea haraka, kwa furaha ambayo sikuisikia kwake miaka mingi. "Hakuna nyumba nyingine mjini iliyobaki na baridi ile kwa barafu ndogo kiasi kile. Wizarani nao wamezisoma. Wako tayari kuruhusu vyumba vya pamoja Matofalini nzima, kwa majaribio, kuanzia kesho. Kesho, Mama! Kuna kitu kimoja tu. Mizani itakuuliza swali la kufunga taarifa, na itaandika jibu lako peke yake. Jibu hapana, kosa la kukata watalisamehe, tumemaliza."

"Swali gani?"

Mizani ikajibu yenyewe. "Bi Lipangile, wakati wa kukata, kulikuwa na mtu ndani ya nyumba yoyote?"

Nikageuka kutazama ndani.

"Nimesikia kuna mzee," Severini akasema, taratibu sasa. "Nimesikia pia amepona. Mama, mshukuru Mungu, useme hapana. Ukisema ndiyo, hii inakuwa kesi. Utapoteza ufunguo, huenda ukafungwa, na hakuna mtu serikalini atakayegusa tena habari ya vyumba vya pamoja. Wangapi watakufa kwa sababu ya ndiyo yako?"

"Na nikisema hapana, keshokutwa mtu mwingine atafunga koki za mtaa mwingine kwa kuambiwa wapo!"

"Tutaweka utaratibu."

"Utaratibu wa nini, wakati taarifa inasema hakukuwa na tatizo?"

"Mama, nakuomba. Unataka haki ya namna gani wewe? Nimekuletea faida, nimekuletea watu kupona, vyote viwili, kama ulivyotaka. Mtu mmoja tu, naye yuko hai, anakunywa maji!"

Hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililonichosha. Nilikuwa nimelipigania jambo hili kwa kelele zote nilizonazo, sasa limeletwa mlangoni, na bei yake ni kusema kwamba nyumba ya mwisho ilikuwa tupu. Nikamfikiria mtoto mchanga wa Mama Tekla. Nikafikiria mitaa mingine yenye mabati. Ulimi ulikuwa tayari kusema hapana, Mungu ananiona, ulikuwa tayari.

"Bi Lipangile, ninasubiri jibu," Mizani ikasema.

Chumba kizima kilikuwa kimesikia. Mama Longino alikuwa ameinamisha kichwa, na Mama Tekla amemkumbatia mtoto wake akinitazama, na nilijua anataka niseme nini, na simlaumu.

Mzee Kanisi alijiinua kwa kiwiko. Shati la kanisani lilikuwa limelowa, limemganda mbavuni.

"Mwambie nilikuwepo," akasema.

Severini alimsikia. Upande wa pili nikasikia anavuta pumzi.

"Ndiyo," nikasema. "Kulikuwa na mtu ndani. Anaitwa Kanisi Manjolo, wa nyumba ya mwisho. Alikuwa ndani, na mimi Emerensiana Lipangile nilimfungia koki."

Severini akakata simu.

Niliweka ufunguo chini, kwenye kizingiti, kwa sababu haukuwa wangu tena. Mzee Kanisi alikuwa bado ameegemea kiwiko chake, shingo ameinyoosha, mkono ameuweka sikioni.

"Rudia, binti yangu," akasema. "Hapo kwenye jina."

Nikarudia.